Jiwe la Mwalimu

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilimwambia mjukuu wangu anitoe Beni kwa pikipiki yake anipeleke ziwani. Alinicheka. "Koko, utavunjika mugongo," akasema, maana vijana wa siku hizi huwaita hivyo bibi zao, "na kule hapana kitu." Kuhusu mgongo hakukosea. Tulipoacha barabara kuu na kuingia nyikani, kila shimo nililihisi mpaka kwenye meno. Lakini tulifika, nikashuka, nikavua viatu, nikasimama kwenye mchanga wa kijiji alichozaliwa mama yangu. Harufu ilikuwa ileile ya samaki, moshi, matope na mavi ya viboko. Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Mjukuu akaona aibu, akasema anakwenda kutafuta soda.

Rafiki yangu, ngoja nikueleze palivyokuwa, kwa maana ukienda leo hutaona. Ni pale ambapo ziwa linajifinya, maji yanaanza kutembea, na kabla hujajua yamekwisha kuwa mto Semliki. Kati ya ziwa na mto kulikuwa na ulimi wa mchanga, na juu ya ulimi huo nyumba za matete zilizoezekwa kwa nyasi. Nyuma kulikuwa na mafunjo marefu kuliko mtu. Asubuhi zisizo na ukungu uliweza kuuona Rwenzori na theluji yake, mbali, safi, hautuhusu. Wageni walisimama kuutazama. Sisi tulikuwa na samaki wa kuparua.

Mimi nilikuwa mtoto wa mjini. Baba yangu, Mwislamu wa Beni, aliendesha lori la mfanyabiashara wa samaki, na kila likizo ndefu alinishusha kwa bibi pamoja na magunia ya chumvi. Bibi mzaa mama kijiji kizima kilimwita mukaka, kama Wanande wote wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye ulimi wa kuchubua ngozi. Siku ya kwanza ya kila likizo alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, akasema, "Ungali unafanana na baba yako. Pole." Kisha akanipa bugali wa muhogo na kichwa cha tilapia, sehemu tamu kuliko zote, akakaa kunitazama nikinyonya macho ya samaki.

Kazi hazikwisha. Tuliparua samaki mpaka vidole vikawaka kwa chumvi. Tulibeba kuni za kibanda cha moshi, mahali bibi alipokaushia samaki juu ya vichanja, na macho yetu yalikuwa mekundu likizo nzima. Michezo yetu haikuwa ya huruma. Mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, walikuja kugombania matumbo ya samaki. Tulikuwa tukificha kaa la moto ndani ya tumbo la samaki na kumrushia mmoja wao. Alimeza, kisha akaruka juu akipiga kelele, nasi tukajishika mbavu kwa kicheko. Hakuna mkubwa aliyetukataza.

Sasa nikueleze kuhusu mawe, maana bila hayo hutaelewa lolote. Kila asubuhi mitumbwi iliporudi, samaki wa kuuza waliwekwa kando, na wale wa kula wakagawiwa pale mchangani. Aliyegawa alikuwa bibi yangu. Kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke mzee tangu zamani. Kila mtu mzima wa kijiji, mwanamke aliyeolewa au mwanamume aliyevuta wavu, alikuwa na jiwe lake mchangani, mahali pake, na bibi alipita akiweka samaki juu ya kila jiwe. Jiwe lilisema: huyu ni mtu wetu, na leo ameamka.

Ukitaka kusafiri, ulikuja mwenyewe, ukaliokota jiwe lako kwa mkono wako. Ukirudi, ulilirudisha. Ukifa, bibi alingoja matanga yaishe, akalichukua jiwe lako na kulitupa mtoni, na hapo ndipo watu walilia kweli, hata kuliko siku ya kuzika. Kwa hiyo kuondoa jiwe la mtu aliye hai ilikuwa kumwua. Kuliacha jiwe bila samaki ilikuwa karibu sawa na hilo. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, na bibi alijivunia jambo hilo kama watu wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Mwalimu alikuja muda mfupi kabla ya uhuru. Alikuwa Mkasai, ametumwa na serikali kutoka mbali, na hakujua neno moja la Kinande. Alikuwa na suruali iliyonyooshwa kwa pasi na kalamu mfukoni mwa shati. Bibi alimcheka waziwazi. Mwalimu alikula samaki kama mtu anayesoma barua ya mahakama, polepole, akitoa mwiba mmoja mmoja na kuupanga ukingoni mwa sahani. "Samaki yako itaoza mbele ya kuimaliza," bibi alimwambia. Siku moja kiboko alipindua mtumbwi karibu na ukingo, na mwalimu akaingia majini na viatu vyake, akamvuta mvuvi mmoja kwa nywele mpaka mchangani. Kesho yake bibi alitafuta jiwe jeusi, bapa, akaliweka karibu na lake. "Sasa uko mutu," akamwambia. Mwalimu alicheka, akavua kofia. Lakini tangu siku hiyo alipita pale kila asubuhi kabla ya shule, akalitazama jiwe lake, kisha akaenda kupiga kengele.

Sitaki umpende bure. Mwalimu alipiga. Wakati ule walimu wote walipiga, lakini yeye alipiga kwa utaratibu, bila hasira, na hilo lilitisha zaidi. Aliyepigwa zaidi ya wote alikuwa mtoto wa jirani. Huyo alianza shule akiwa mkubwa, mabega yamekwisha kupanuka, na Kifaransa hakikuingia kichwani mwake. Kusema Kinande darasani kulikatazwa. Siku moja alikisema, mwalimu akamlaza juu ya benchi, akampiga mpaka akajikojolea mbele ya wasichana. Darasa zima lilicheka. Hakurudi tena shuleni. Alianza kuvuta wavu, na bibi akampa jiwe lake. Nakumbuka alivyolipangusa kwa shati kabla ya kuliweka chini.

Mwaka wa uhuru wazungu waliosimamia uvuvi walipakia vitu vyao wakaondoka, mmoja wao akamwacha mbwa wake akibweka ukingoni. Tulichinja mbuzi. Watu walikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mpaka wengine wakalala ndani ya mitumbwi. Mtoto wa jirani alimfuata mwalimu katikati ya ngoma, akasimama mbele yake akiyumba.

"Mwalimu, indépendance imefika. Leo nani atanipiga?"

"Hapana mutu," mwalimu akajibu. "Mais ungali hujui kusoma. Indépendance hapana kufundisha kusoma."

Watu walicheka sana, ngoma ikaendelea. Kijana hakucheka. Muda si mrefu baadaye aliliokota jiwe lake mchangani, akamwambia mama yake anakwenda Butembo kutafuta maisha.

Kisha ikaja miaka ya waasi. Habari zilifika kwa lori pamoja na chumvi. Mara waasi wako mbali, mara wako karibu, mara wameshika Butembo, mara wameshika Beni. Tulisikia wanaua watu wa serikali, makarani, walimu, hata mtu yeyote aliyeonekana na kalamu mfukoni. Tulisikia wamejipaka dawa, risasi ikiwagusa inageuka maji. Halafu lori halikuja tena. Waasi walilichukua pamoja na baba yangu ili awaendeshee, na mimi nikabaki kwa bibi. Likizo ikawa haina mwisho. Nilifurahi, nakuambia ukweli, kwa maana sikuelewa.

Mwalimu angeweza kuvuka kwenda Uganda kama wengine. Homa ilimwangusha wiki ileile waasi walipokaribia. Waasi wa kwanza walipotokea kwenye njia ya mlima wa upande wa Butembo, wamejifunga majani kichwani, bibi na jirani yake walimbeba mwalimu, mmoja miguu, mmoja mabega, wakamtia ndani ya kibanda cha moshi, nyuma ya vichanja, wakamfunika kwa mikeka na nyavu kuukuu. Ndiyo, jirani huyo ndiye mama wa yule kijana. Alikuwa rafiki ya bibi tangu utoto, mwanamke mnene, mpole, aliyeogopa hata radi. Siku ile hakuogopa.

"Wapi mwalimu yenu?" kiongozi wa waasi aliuliza.

Kijiji kizima kilijibu kwa mdomo mmoja: "Alivuka na pirogi. Iko Uganda."

Waliamini. Walichukua kuku wetu, wakaweka kambi pale ukingoni, wakala samaki wetu bila kuparua vizuri. Mwalimu alikohoa kwa sababu ya moshi, na sisi watoto tuliagizwa kuimba kila tuliposikia kikohozi. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Waasi walitusifu.

Lakini jiwe jeusi lilibaki mchangani. Na kila asubuhi, mbele ya macho ya waasi wasiojua maana yake, bibi aliweka samaki juu yake. Baadaye alimchukua kimya kimya pamoja na wake, akaenda kumpikia mwenye jiwe. Jirani alikuwa wa kwanza kumshika mkono amzuie. "Mukaka, ile jiwe inaniogopesha," alisema. Bibi alijifanya hakusikia. Kisha mwalimu mwenyewe akalisema, nami nilikuwepo, maana bibi siku hizo hakuniruhusu kwenda mbali na nguo yake.

"Mama, mutoe ile jiwe," alisema kutoka chini ya nyavu. "Ni jiwe tu. Caillou."

"Kama ni jiwe tu, mbona inakusumbua?"

"Wataiona."

"Wanaiona kila siku. Mawe iko mingi. Nani atawaambia?"

"Mutu anaweza kusema."

Bibi alikasirika kweli. Nilimwona akitupa ukuni chini. "Mutu wa hapa? Mutu ya jiwe hapana kuuza mutu ya jiwe. Wewe umeishi na sisi miaka yote hii, hujaelewa hata kidogo?"

Mwalimu alijaribu kusimama aende kuliondoa mwenyewe, kwa mkono wake, kama desturi inavyotaka. Alianguka palepale kwenye nyavu. Bibi alimlaza tena kama mtoto mchanga. "Homa ishuke kwanza," alimwambia, sasa kwa upole. "Kesho au kesho kutwa nitakupitisha na shali yangu kichwani, uitoe wewe mwenyewe. Mimi mukono yangu sitautia. Mimi hapana kuua mutu." Nimeyafikiria maneno hayo maisha yangu yote. Mwanamke huyo hakuogopa bunduki, na hakuwa mjinga. Aliogopa tu kuliokota jiwe.

Asubuhi iliyofuata homa ilikuwa imeshuka. Bibi alisema wataenda baada ya kugawa, waasi wakiwa wamelala kwa shibe. Mitumbwi ilirudi, samaki walikuwa wengi, akaanza kugawa. Ndipo kundi jingine la waasi likashuka mlimani, na mbele yake, na bunduki begani, alitembea mtoto wa jirani. Alikuwa amenenepa. Alimkumbatia mama yake, akamwinua kutoka chini, watu wakapiga vigelegele kwa mazoea tu. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa jiwe lake. Alilibeba vitani muda wote ule, unaelewa? Akaenda mahali pake, akaliweka, na bibi, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaweka samaki juu yake.

Kijana alisimama akiutazama mchanga, jiwe baada ya jiwe, anatabasamu kama mtu aliyefika kwao. Kisha tabasamu likasimama. Alikuwa ameliona jiwe jeusi.

"Mwalimu iko hapa," akasema.

"Hapana," mama yake akasema haraka. "Alienda Uganda. Zamani sana."

"Mama, angalia. Samaki yake ingali inaruka."

Na kweli samaki yule alikuwa bado akipiga mkia juu ya jiwe. Kiongozi wa waasi hakuelewa, kwa hiyo kijana akamweleza habari ya mawe, taratibu, kwa majivuno, kama anayemwonyesha mgeni nyumba ya baba yake. Bibi alisikiliza kila neno. Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa namna ile, amesimama tu, na samaki mkononi.

Hawakutafuta sana. Walimtoa mwalimu kibandani akiwa peku, macho mekundu kwa moshi, shati limeshika harufu ya samaki. Alifunga kifungo cha shingoni. Kijana akaokota kasia.

"Mwalimu, leo somo ni Kinande. Nisalimie."

Mwalimu alijaribu. Baada ya miaka yote ile, salamu ya asubuhi ilimshinda, ulimi wake ukaivunja vipande. Waasi walicheka, na kasia likashuka. Kijana alimwambia arudie. Alikosea tena, kasia likashuka tena. Hivyo hivyo, mpaka mwalimu akaanguka kwa magoti, na kijana akawa hacheki tena bali anapiga na kuhema. Watoto tuliokuwa pale hakuna aliyeimba. Nilimchukia yule kijana kwa moyo wangu wote, na chuki hiyo haijapoa hata leo.

Bibi alisogea akashika kasia. "Huyu ana jiwe," alisema.

"Na mimi? Wakati alinipiga mpaka nikajikojolea, jiwe yangu ilikuwa wapi?"

"Hukuja kuniambia. Ungekuja, ningemushika mukono. Kama vile ninakushika wewe."

Kijana alilegeza mkono kwenye kasia. Kwa dakika hiyo nilidhani ameelewa, na nadhani bibi pia alidhani hivyo. Kisha kiongozi wake akasema, "Wewe ndiye unamujua. Donc maliza wewe." Kijana akamvuta mwalimu kwa kola. Mwalimu alimgeukia bibi. "Wasingya, mama," alisema, yaani asante, na neno hilo moja la Kinande alilisema sawasawa, kama mzaliwa wa pale. Kijana akampeleka nyuma ya mafunjo. Bunduki ililia mara moja. Mwari wote wakaruka pamoja, na kwa muda mrefu kulikuwa na sauti za mabawa tu.

Kijana alirudi peke yake. Alimwokota samaki wa mwalimu, akamkabidhi mama yake. "Pika." Mama yake alipika, machozi yakianguka kwenye sufuria, kijana na wenzake wakamla samaki yule. Jiwe jeusi alilitupa mtoni kwa mkono wake, bila matanga, akipanguza vidole kwenye suruali.

Kesho yake bibi aligawa kama kawaida. Alipita jiwe kwa jiwe. Alipofika kwenye jiwe la kijana, hakuweka samaki. Aliinama, akaliokota, akatembea nalo mpaka kwenye maji, polepole, mbele ya waasi, mbele ya rafiki yake wa utoto, mbele ya mwenyewe aliyesimama na bunduki, akalitupa. Kijana alicheka. "Mukaka, mimi niko hai!" alisema. Bibi alikwenda nyumbani, akakaa chini kwenye mkeka, akamlilia matanga kamili, kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu wa damu. Alimlilia mwalimu na kijana pamoja, na hakutofautisha.

Wakati wa waasi ulipita, wakaja askari wa serikali. Usidhani tulipumzika. Walikuja wakisema Lingala, wakapiga wanaume wote kwa mikanda. Habari ya mwalimu ilikuwa imefika Beni, pamoja na namna alivyopatikana, na mkubwa wao alikuwa amejifunza. Alikwenda moja kwa moja mchangani. Jiwe lolote ambalo mwenyewe hakuonekana, alidai aletwe. Jiwe la mvuvi mmoja, mkata mafunjo pia, lilikuwa na samaki, na mwenyewe alikuwa ametoka alfajiri kukata mafunjo. Alikuwa mtu asiye na kosa hata la kuiba yai. Walimkuta huko na panga mkononi, wakasema ni mwasi amejificha. Tulimwona akipandishwa kwenye gari lao. Hakurudi.

Wakati huohuo mtoto wa jirani alikuwa amelala ndani ya mafunjo hayohayo, mbali kidogo, amefunikwa na mama yake kwa matete. Kijiji kizima kilijua, hata bibi.

"Yule muasi wa hapa azali wapi?" askari mkubwa alimwuliza bibi. "Jiwe yake iko wapi?"

"Hana jiwe," bibi alisema. "Alikufa. Nilimulilia mimi mwenyewe. Uliza watu."

Waliuliza, na watu wote walikubali, kwa maana ilikuwa kweli kwamba walimsikia akilia. Askari waliondoka. Jioni jirani alikuja kwa magoti kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka, akashika miguu ya bibi, akisema asante, asante, umeniokolea mutoto. Bibi alivuta miguu yake. "Sikuokoa mutu. Nilisema kweli."

Baada ya askari, watu walianza kuja mmoja mmoja kuokota mawe yao. Hawakusema wanasafiri. Waliyabeba tu nyumbani kwa aibu, na tangu hapo kila mtu akala alichovua. Walibaki wazee wachache na bibi. Naye kijana, ambaye hapo awali alikuwa na bunduki na majani kichwani, akaanza kuja mchangani kila asubuhi. Alisimama kando ya mawe machache yaliyobaki, mikono nyuma, anangoja. Bibi alimpita kama anavyopita kigingi cha mtumbwi. Kijana alikula kwenye fungu la mama yake. Alipata wavu wake mwenyewe, samaki wengi, hata mke kutoka upande wa Kamango, ambaye hakukaa. Asubuhi alikuwa pale pale. Baba alipoachiliwa nilirudi Beni, nikawa nikija likizo baada ya likizo, kisha nikaja nimeolewa, kisha na watoto, na kila mara nilimkuta, kichwa kimeanza mvi.

Siku moja nilimwuliza bibi kama hawezi kumsamehe. Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Nilishamaliza naye. Nililia mpaka nikamaliza. Yule anayesimama pale, mimi hapana kumujua."

Jirani alikufa wakati macho ya bibi yalikuwa yamekwisha kufunikwa na ukungu. Nilikuwa nimekuja kwa matanga. Yalipoisha nilimshika bibi mkono, tukaenda mchangani, akalipapasa jiwe la rafiki yake mpaka akalipata, akalitupa mtoni, akalia. Mtoto wa marehemu alikuwa amesimama pale. Sasa hakuwa na fungu la mtu yeyote la kula. Alipiga magoti mbele yetu, mtu mzima, mvi tele.

"Mukaka," alisema, "nipe nafasi ya mama. Hata bila samaki. Jiwe tu."

Bibi aligeuza kichwa upande wa sauti. Vidole vyake vilinibana mkono. "Kuko mutu?" aliniuliza.

Nilimtazama yule mzee magotini. "Hapana, mukaka," nikasema. "Hapana mutu."

Alinyanyuka, akapangusa mchanga kwenye magoti, akashika njia ya mlima bila mzigo wowote. Hakuna aliyemwona tena. Bibi alikufa kabla ya mvua zilizofuata, na hakukuwa na mgawaji wa kulitupa jiwe lake, kwa hiyo nililitupa mimi, nisiyekuwa na jiwe lolote pale. Leo samaki wakitoka majini wanakwenda kwenye pikipiki za Butembo na Beni, anakula mwenye uwezo wa kununua, na asubuhi hakuna anayepita kuangalia ni nani ameamka. Huku kwetu Beni, kwa vita visivyokwisha, mtu huenda shamba asirudi, na soko linafunguliwa kama jana. Watoto wangu wanasema desturi ile ilikuwa ya ukatili, afadhali imekufa. Huenda ni kweli. Walinisimanga pia kwa jibu nililotoa siku ile mchangani, nami niliwaambia ninachokuambia wewe: mwalimu alikuwa na jiwe, na ukiniuliza leo, nitajibu vilevile.